Joto la Mwadime

1

Sauti iliyokuwa ikimuua Mwadime ilikuwa yangu. Niliirekodi mwenyewe miaka mitatu kabla ya siku hiyo, ndani ya chumba kilichowambwa zulia ukutani, huku nikinywa chai ya tangawizi ili koo lisikwaruze. Nusu ya wafanyakazi wa visima vya barafu tulitoka Afrika Mashariki, kwa hiyo kampuni ilitaka makoti yake yaseme Kiswahili, na mimi, Subilaga Mwakyoma wa Tukuyu, nilikuwa fundi pekee wa makoti mwenye matamshi waliyoyaona safi. Nilipewa karatasi, nikasoma. Sasa ilikuwa saa nne na robo asubuhi, katika giza ambalo huko kaskazini mwa dunia haliondoki majira yote ya baridi, nami nilijisikia nikisema sikioni mwangu kwa upole mwingi: "Joto linagawanywa. Tafadhali endelea na kazi."

Mwadime hakusikia chochote. Koti lake lilinyamaza, na hivyo ndivyo tulivyolitengeneza.

Nusu saa kabla ya hapo gari letu la theluji lilikuwa limetumbukia kwenye mpasuko wa barafu. Hema, redio kubwa na chakula vilikwenda nalo. Mimi nilirushwa, nikaangukia mgongo, nikaamka mzima. Mwadime Mwang'ombe, dereva wangu, aliruka kama kijana, akasahau kwamba ana miaka arobaini na tisa, akavunjika paja. Kilichosalia ni sanduku la nyuma lililokatika mnyororo: msumeno mrefu, jiko dogo, kiberiti na kopo moja la mafuta, kamba, sufuria, na ngozi mbili za kulungu. Redio ya mkononi ilitupa habari moja tu kabla dhoruba haijaimeza. Msaada ungefika baada ya saa kumi na saba.

Kanuni ya kazi inasema mmoja akiumia, mwenzake achomeke waya kati ya makoti mawili ili betri zisaidiane. Nikachomeka bila kufikiri. Ndipo Mizani ilipoamka.

Mizani ni programu iliyomo ndani ya kila koti, na kazi yangu ya kila siku ilikuwa kuitunza. Makoti mawili yakiunganishwa, huuliza maswali matatu: msaada uko mbali kiasi gani, betri zimebakiwa na nini, na mwili upi una nafasi kubwa ya kufika. Joto likitosha wote, huligawa nusu kwa nusu. Lisipotosha, humchagua mmoja na kumhamishia joto la mwingine, kidogo kidogo, ndani ya saa tano hivi, na theluthi yake hupotea njiani. Betri zetu zilikuwa na saa kumi na moja kila moja. Tukibaki wawili, tungefika saa kumi na moja. Akibaki mmoja, angefika saa kumi na nane. Sikuhitaji kalamu.

Na anayetolewa haambiwi. Kwenye majaribio, walioambiwa waling'oa waya, na hesabu ikaonyesha kwamba wote wawili wangekufa. Nilikuwepo kwenye kikao kilichopitisha jambo hilo. Niliuliza swali moja tu, nalo lilihusu neno. Wenzangu walikuwa wameandika "joto linahamishwa." Mimi nikasema "linagawanywa" lina adabu zaidi, wakanipongeza.

"Mbona umenyamaza, dada?" Mwadime aliuliza. Alikuwa amelala juu ya ngozi, kofia ya koti imemfunika hadi kwenye nyusi. "Kwani waya una shida?"

"Hauna shida, kaka," nikasema.

2

Mwadime alikuwa Mtaita wa Wundanyi aliyekuja kaskazini kuendesha magari kwa miaka miwili, akaoa, akakaa ishirini na miwili. Mkewe Naja ni mwenyeji wa huko, Mwinuiti, na shemeji yake anaitwa Malik. Nilipolisikia jina hilo mara ya kwanza nilimuuliza Mwadime kama shemeji yake huswali msikiti gani, akacheka mpaka akaegesha gari. Ni jina lao wenyewe, akanieleza, lina maana ya wimbi. Malik ndiye aliyemfundisha theluji, na ndiye huongoza waokoaji wa kambi yetu.

"Fundi," alisema sasa, "si wewe husema baba yako ni mwashi?"

"Ni mwashi. Na mimi nimejenga naye tangu darasa la saba."

"Basi leo utajenga. Ukikaa kwenye upepo huu saa kumi na saba, koti ni bure. Lakini ndani ya nyumba ya theluji, jiko moja na watu wawili, mnaweza kuvua kofia. Mimi mguu hakuna. Mdomo ninao."

Nilimsikiliza nikapiga hesabu yangu ya pili. Anayejua hujenga kwa saa mbili. Mimi nisiyejua ningejenga kwa nne. Mizani ilihitaji tano kummaliza Mwadime. Nyumba ikisimama, isingejali nani ana nafasi na nani hana, ingetupasha wote, na waya ungekuwa hauna kazi tena. Kwa hiyo kulikuwa na saa moja ya ziada, na nikaishika saa hiyo kwa mikono miwili.

Ningeweza kuukata waya palepale. Nilikuwa na namba ya siri ya fundi, tarakimu sita, na hakuna mtu mwingine katika barafu ile aliyekuwa nayo. Lakini koti likibaki na joto lake peke yake hupasha kifua tu, na mikono huachwa. Baridi ilikuwa nyuzi arobaini na moja chini ya sifuri. Mizani ilikuwa imesikia mazungumzo yetu, ikaelekeza joto la Mwadime moja kwa moja kwenye glavu zangu, na vidole vyangu vilikuwa vimestarehe kama vimeshika kikombe cha chai. Bila vidole hakuna nyumba, na bila nyumba tungekufa wote. Nilijirudia maneno hayo mara nyingi, na mpaka leo sijapata kosa ndani yake. Kosa lilikuwa kwamba niliyasema peke yangu.

"Tafuta theluji ya dhoruba moja," Mwadime alisema. "Kanyaga. Ukiona alama ya kiatu tu, bila kuzama, ndiyo. Sasa chomeka msumeno. Unashuka sawasawa?"

"Unashuka, halafu unakwama, halafu unashuka tena."

"Hapo kuna tabaka. Tofali litakatika mkononi. Songa mbele."

Mara ya nne msumeno ulishuka wote bila kukwama. Nilipima duara kwa kamba, hatua mbili toka katikati. Kisha nikamburuta Mwadime juu ya ngozi, na sanduku nyuma yake, mpaka ndani ya duara, upande wa nyuma, kwa sababu alisema nyumba hii hujengwa mtu akiwa ndani. Alipiga ukelele mmoja, halafu akauma glavu. Waya kati yetu ulikuwa na urefu wa mita sita, ukinifuata kila nilikokwenda.

Matofali nilikata humohumo ndani ya duara, nusu ya mbele, kwenye sakafu yenyewe. Sehemu hiyo ingeshuka na baridi ingetuama humo, na alipolala Mwadime pangebaki juu, pawe kitanda. Kila tofali lilikuwa na ukubwa wa mto wa kulalia na unene wa shibiri. Nilijisikia vizuri, lazima niseme. Kukata tofali safi, pembe zake sawa, ni furaha niliyoijua kabla sijajua kompyuta. Nilivuta kamba, nikapanga, nikasawazisha, kila kiungo kimeshikana na chenzake. Nilizunguka duara lote nikafunga kozi ya kwanza, mstari mmoja wa matofali usiokatika, nikarudi nyuma kuitazama. Baba yangu asingepata la kukosoa. Ilinichukua dakika hamsini.

Tofali la kwanza la kozi ya pili niliinamisha ndani kama Mwadime alivyosema, likaanguka. Nikalirudisha, likaanguka tena, likavunjika. La pili vilevile. La tatu lilianguka karibu na kichwa chake, akageuka kutazama kwa mara ya kwanza.

"Umefanya nini hapo?"

"Kozi ya kwanza."

"Umeifunga?"

"Kozi hufungwa, kaka."

"Hufungwa Tukuyu." Alifumba macho kwa maumivu, akayafumbua. "Hiyo ni nyumba ya mwalimu mkuu umeanza kunijengea. Ukuta wetu unainama, fundi. Tofali lililo peke yake juu ya ukuta sawa litaegemea nini? Hewa? Kata. Anzia pale utakapokuwa mlango, chini kabisa, ukipanda mpaka juu, robo ya duara. Kata mteremko."

"Nikate kozi nzima?"

"Si nzima, robo. Halafu weka tofali kwenye mteremko, liegemee lenzake lililo juu. Linalofuata liegemee hilo. Hakuna kozi ya pili wala ya tatu. Ni kozi moja inapanda ikizunguka mpaka paa."

Nimepigwa mwiko vidoleni nikiwa na miaka kumi na minne kwa kupinda kozi kiasi cha unene wa sarafu. Sasa niliambiwa niikate makusudi. Nilisimama pale kama dakika nzima nikibishana na baba yangu kichwani, na upepo ukinigonga mgongoni. Kisha nikatazama kifundo cha mkono, ambapo koti la fundi huonyesha joto la mwili wa kila aliyeunganishwa naye. Tulipoanza, Mwadime alikuwa nyuzi thelathini na sita na nusu. Sasa alikuwa thelathini na nne na nusu. Ile kozi niliyoifunga kwa majivuno niliilipia kwa damu ya mwenzangu.

Nikaikata.

3

Tofali la mteremko lilisimama. Nililiachia kwa woga nikabaki na mikono hewani, nikingoja lianguke, halikuanguka. La pili liliegemea la kwanza. La tatu likaegemea la pili.

"Kata tumbo lake kwa chini," Mwadime alisema. "Likae kwa pembe mbili, na ubavu. Likikaa kwa tumbo litacheza."

"Hivi?"

"Zaidi. Sawa. Gonga kwa kiganja, mara moja tu. Haraka ya nini kugonga mara tatu? Hilo si mlango wa mtu."

Aliendelea kufundisha na mimi nikaendelea kujenga. Ukuta ulipofika kiunoni upepo ulipungua ndani, na kwa nusu saa nilikuwa na matumaini. Nilijenga kwa kasi kuliko nilivyotegemea. Glavu zilikuwa na joto. Kila mara nilipoinama kuchukua tofali waya ulivutika kidogo kiunoni mwangu, na kila ulipovutika nilijua unachofanya.

"Vidole vyako vinaendeleaje?" aliuliza.

"Vizuri."

"Ajabu. Mimi vyangu sivisikii."

Nilikuwa na tofali kifuani. Ningeweza kusema wakati ule. "Umelala tu, kaka," nikasema. "Ukilala damu haizunguki."

"Eh. Kweli."

Aliniamini. Nimewahi kusema uongo mwingine maishani, mkubwa zaidi, lakini huo ndio unaoniamsha.

Thelathini na tatu na nusu. Mwadime alianza kuchelewa kujibu. Nilimuuliza niinamishe kiasi gani mzunguko wa tatu, akasema "Ndiyo." Nikamuuliza tena, akanieleza kwa makini jinsi ya kubadilisha breki za lori. Kutetemeka kwake kulikuwa kumekoma, nami nilifundishwa maana ya kukoma huko kwenye semina yenye keki na soda. Saa yangu moja ya ziada niliikumbuka, nikaitafuta, nikakuta nilishaimaliza kwenye ile kozi ya kwanza.

Nilijenga matofali sita zaidi. Nayahesabu kwa sababu wakati nayajenga nilijua.

"Dada Subi," alisema kwa sauti ya mtu aliyeshiba. "Nguo zenu nzuri sana. Sasa nasikia joto. Hebu nifungulie shingoni, nasikia joto jingi."

Aliinua mkono mzito akaanza kuvuta zipu ya kola. Mtu anayekufa kwa baridi, karibu na mwisho, huhisi anaungua na kuvua nguo. Niliangusha tofali, nikapiga magoti, nikaushika mkono wake.

"Kaka Mwadime, nisikilize. Koti lako halikupashi. Koti lako linanipasha mimi."

Alinitazama bila kuelewa.

"Waya unachukua joto lako unanipa mimi. Tangu tumeanza. Mashine imenichagua mimi, na wewe hukuambiwa. Mimi nilijua."

"Sema tena."

Nikasema tena, neno kwa neno. Ilikuwa ngumu zaidi mara ya pili. Macho yake yalihangaika kisha yakatulia juu yangu, na nikaona hasira ikiingia ndani yake polepole, na nakiri niliifurahia, kwa sababu ilikuwa dalili ya uhai.

"Unaniibia," alisema, ulimi mzito. "Halafu unaniambia nimelala tu."

"Nikiukata, mikono yangu itakufa. Bado mizunguko miwili na paa."

"Itakufa baada ya muda gani?"

"Dakika arobaini. Labda."

"Basi jenga kwa dakika arobaini."

Nilibonyeza namba ya siri. Sauti yangu ikaniuliza, kwa upole uleule wa chai ya tangawizi, kama nina hakika, kwa kuwa nafasi yangu ya kufika ingepungua. Niliijibu kwa mdomo kama mwendawazimu, nina hakika, nikabonyeza mara ya pili. Nikageuza mkondo, nikamrudishia kwa mkupuo mmoja, jambo ambalo namba ya fundi pekee huruhusu, nilichoweza kurudisha. Theluthi ilipotea njiani, kama nilivyosema. Kisha nikachomoa waya, nikautupa nje ya ukuta nisiuone.

4

Dakika kumi za kwanza mikono iliuma. Hizo ndizo zilikuwa nzuri.

Ukuta sasa ulikuwa juu ya kichwa changu na umeinama, kila tofali nililoliweka lilining'inia juu yetu wawili, limeshikwa na lenzake tu. Nilikata, nikainua, nikategesha, nikagonga mara moja. Sikusawazisha. Sikutazama kiungo. Tofali moja liliniponyoka likamwangukia Mwadime kwenye paja lililovunjika, akapiga yowe, na mimi sikusema hata pole, nilikuwa nimeshachukua jingine.

"Inamisha zaidi," alisema alipopata pumzi. Hasira na lile joto kidogo vilikuwa vimemrudisha. "Zaidi. Usiogope, limeshikwa."

Baada ya dakika ishirini vidole havikuuma tena. Baada ya ishirini na tano niliona msumeno uko chini, na sikuwa nimehisi ukianguka. Nikaufunga kwenye kifundo kwa kamba, nikikaza fundo kwa meno, na kuanzia hapo nikakata kwa bega. Matofali niliyabeba kwa mikono iliyokunjwa kifuani, kama mtu anavyobeba kuni.

Juu likabaki tundu la ukubwa wa sinia.

"La mwisho kata kubwa kuliko tundu," Mwadime alisema. Kila neno alilitafuta. "Lipitishe kwa upande, litoke nje. Kisha ligeuze, lilaze juu ya tundu. Halafu lichonge kwa chini, kidogo kidogo, mpaka lishuke lenyewe lijibane."

Nilisimama juu ya vipande vilivyovunjika. Nililisukuma tofali nje kwa kichwa na viwiko, likageuka, upepo ukalikamata, nikafikiri limekwenda. Halikwenda. Nikalichonga kwa chini huku theluji ikinijaa machoni. Liliteremka kiasi cha kidole, kisha kidole kingine, likakaa. Sauti ya upepo ikakatika. Nilidhani nimekuwa kiziwi, mpaka nikamsikia Mwadime akipumua.

Mlango ulikuwa tundu la kutambaa, nililolikata chini ya kiwango cha kitanda. Nikaufunga kwa tofali. Kisha nikafanya alichonilea nacho baba yangu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, husema kila mtu, lakini baba yangu husema akiwa na plasta mkononi. Nilisaga theluji laini, nikaipaka kwa viwiko na vigasha kwenye kila kiungo, toka sakafuni mpaka kileleni, nikizunguka, mpaka hapakuwa na mahali hata pamoja panapopitisha hewa. Ilikuwa plasta nzuri. Niliwasha jiko kwa kiberiti nilichokishika kwa meno, nikaweka theluji kwenye sufuria, nikakaa kitandani kando ya Mwadime aliyekuwa amesinzia. Kuta zikaanza kung'aa kwa maji membamba. Nilivua kofia. Nilicheka peke yangu kwa raha.

Sijui muda gani ulipita. Kichwa kilianza kuniuma, nikaona ni uchovu. Moto wa jiko ukawa wa njano, kisha mdogo. Nilitikisa kopo kwa kiwiko, mafuta yalikuwemo tele. Moto ukazidi kusinyaa huku nautazama, na usingizi mtamu ukanijia, na nikakumbuka jambo la nyumbani ambalo halikuwa na uhusiano wowote na hapo. Nikakumbuka tanuru la matofali. Yakishaiva tunachukua udongo wa tope tunaziba midomo yote ya tanuru, tunaondoka, na kesho yake moto umekufa bila mtu kuumwagia maji.

Niliinuka nikagonga kichwa ukutani. Msumeno ulikuwa bado kwenye kifundo. Niliuchoma paa kwa nguvu zote za bega, mara moja, mara mbili, plasta yangu nzuri ikaniangukia usoni, na ya tatu ikatoka nje. Hewa iliingia ikipiga mbinja. Nilimtikisa Mwadime kwa goti nikilitaja jina lake mpaka alipokohoa. Moto ulisimama, ukawa wa buluu.

Tundu la juu lilikuwa somo la mwisho. Mwalimu aligandishwa kabla ya kulifikia, na aliyemgandisha ni mwanafunzi.

5

Nilimnywesha maji ya moto kwa kushika sufuria kati ya vifundo viwili. Alikunywa yote. Baada ya saa mbili hivi akaanza kutetemeka tena, na kutetemeka huko kukanipa amani. Ilipokaribia jioni alitulia, rangi imemrudia usoni. Alitazama paa muda mrefu.

"Umeacha tundu," alisema.

"Nimetoboa."

"Sikukuambia."

"Hukuniambia."

Upepo ulipita juu yetu kwa mbali, kana kwamba ni shida ya watu wengine. Nilijua swali linakuja na sikufanya chochote kulizuia.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu nilipochomeka waya. Saa nne na robo."

"Ukachomoa saa ngapi?"

"Saa nane na dakika kumi."

Midomo yake ilisogea, akihesabu. "Saa nne nzima," alisema.

"Karibu saa nne."

Nilikuwa na sentensi moja ya kujitetea, na ilikuwa kweli. Bila joto lile ukuta usingefika kiunoni, na sasa hivi tungekuwa maiti mbili zilizokaa sawa kwa sawa. Kampuni ingeisema sentensi hiyo kwa furaha, ingeiweka kwenye ripoti, ingesema Mizani imeokoa wawili. Nikafungua mdomo.

"Usiseme," Mwadime alisema. "Najua unachotaka kusema. Mimi pia najua hesabu."

Nikasogeza sufuria motoni kwa kiwiko.

"Ungeniambia, ningekupa," alisema. "Labda ningekutukana kwanza. Nina mke, nina watoto wawili, ningekutukana vibaya sana. Halafu ningekupa. Lakini lilikuwa langu."

Nililia, na sikujificha, pale hapakuwa na pa kujificha.

"Makoti mangapi yana sauti yako?" aliuliza.

"Mia nne na kitu."

"Basi utarudi kwenye hicho chumba chenu. Utarekodi tena. Useme joto linakotoka na linakokwenda, na umwambie anayetolewa kwanza."

"Watanifukuza kazi."

"Watakufukuza."

"Na kanuni hawataibadilisha kwa sababu yangu."

"Hilo sikukuuliza. Wewe utasema?"

"Nitasema," nikamwambia. "Na nitaanza na Malik, akifika."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha macho yake yakashuka, akaiona mikono yangu. Nilikuwa nimeilaza mapajani, glavu zimevuliwa. Ilikuwa myeupe na migumu, ngozi yake haikunjiki, na sikuwa nimeitazama kwa makusudi.

"Ee Mungu," alisema taratibu. "Ilete."

"Kaka, wewe mwenyewe bado hujapata joto la—"

"Sijakusamehe, fundi. Lete mikono."

Alifungua zipu ya koti, akainua sweta na fulana. Alivishika vifundo vyangu akaikandamiza mikono ile kwenye tumbo lake tupu. Mwili wake wote ulishtuka, akatukana kwa Kitaita, maneno marefu nisiyoyajua, lakini hakuitoa. Akavuta koti juu yake, akanishikilia kwa nguvu ili nisiweze kujitoa hata kama ningetaka.

Mwanzoni sikuhisi kitu. Baadaye, kwenye kiganja cha kulia, maumivu yakaanza, na nyuma ya maumivu likaja joto lake. Safari hii alijua linakwenda wapi.